Dawa ya kifafa ipo, lakini je, ipo kila siku?

Kidonge cha kifafa ni kidogo na, kikilinganishwa na dawa nyingi za magonjwa ya muda mrefu, si cha bei kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema matibabu ya mgonjwa mmoja yanaweza kugharimu kiasi cha dola 5 tu za Marekani kwa mwaka. Linasema pia kwamba hadi watu 70 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatambuliwa na kutumia dawa ipasavyo. Hata hivyo, kwa mujibu wa shirika hilohilo, katika nchi zenye kipato cha chini takriban watu watatu kati ya wanne wenye kifafa hawapati matibabu wanayoyahitaji.

Mara nyingi lawama ya pengo hilo huangukia kwa mzazi. Husemwa kwamba mama amesahau, baba amempeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji, au familia imekata tamaa. Yote hayo hutokea. Lakini katika makala haya tunasema kwamba dozi inayokosekana nyumbani mara nyingi imeanza kukosekana mbali na nyumbani, na tunaifuatilia safari yake tukianzia Buigiri, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma.

Buigiri si kijiji kilichojificha. Kipo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, chini ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Dodoma mjini, jirani na Ikulu ya Chamwino iliyozinduliwa Mei 2023. Wilaya hiyo ina Hospitali ya Mvumi, yenye historia ndefu ya kimisheni, na pia Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa kwa fedha zilizookolewa baada ya kufutwa kwa sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Ikiwa ratiba ya dawa inaweza kukatika mahali kama hapa, ni rahisi kuelewa hali ilivyo kwa wanaoishi mbali na lami.

Mwaka mmoja wa mtoto mmoja

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minane. Si mtoto fulani tunayemfahamu, bali ni mfano unaokusanya yale yanayozikabili familia nyingi za uwanda wa kati.

Mtoto huyu alianza kuanguka akiwa mdogo. Mwanzoni watu walisema ni degedege, lile linalowapata watoto wadogo wakiwa na homa. Lakini hakuacha kuanguka hata mwili ulipokuwa hauna joto. Hapo ndipo penye tofauti: mtoto akipata mishtuko miwili au zaidi isiyo na homa wala sababu nyingine ya papo kwa papo, anapaswa kupimwa kwa kudhaniwa kifafa. Alipopimwa, akaandikiwa dawa, na ndani ya wiki chache kuanguka kukapungua.

Miezi ya mwanzo mambo yakaenda vizuri. Kisha siku ya kliniki moja mama akaambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo. Nauli ya kurudi hakuwa nayo. Mwezi wa Desemba mvua zikaanza. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na atakayechelewa kupanda mtama, uwele au alizeti hana msimu wa pili wa kujitetea. Familia ikahamia shambani, mbali na nyumbani, na vidonge vikabaki kwenye sanduku. Januari mtoto akarudi shuleni, ambako hakuna mwalimu aliyeambiwa habari ya ugonjwa wake, kwa sababu wazazi walihofia angerudishwa nyumbani. Machi akaanguka karibu na moto.

Ukiuliza kwa nini mtoto ameungua, jibu fupi ni kwamba hakumeza dawa. Jibu refu lina bohari, nauli, mvua, shule na aibu.

Kwa nini siku chache zina uzito

Ubongo hufanya kazi kwa mawasiliano ya umeme mdogomdogo kati ya chembe zake. Kifafa hutokea pale umeme huo unapofyatuka ovyo kwa wakati mmoja. Dawa nyingi za kifafa haziondoi chanzo cha ugonjwa. Zinautuliza ubongo ili umeme usifyatuke. Kazi hiyo hufanyika tu ikiwa kiwango cha dawa kwenye damu hakishuki mno.

Ndiyo maana kila dawa ina saa zake. Fenobabitoni, ambayo ni ya zamani, ya bei nafuu na inatumika sana Afrika, hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo kwa kawaida hutolewa mara moja kwa siku, wakati wa kulala. Kabamazepini hutoka mwilini mapema zaidi, kwa hiyo hugawanywa, mara nyingi asubuhi na jioni. Mzazi aliyezoea ratiba ya dawa moja asidhani dawa nyingine hufuata ratiba ileile.

Kuacha ghafla ndiko kunakotisha zaidi. Mwili uliozoea dawa ukiikosa kwa mara moja, mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Hiyo ni dharura inayoweza kuua au kuuacha ubongo na madhara ya kudumu. Kwa maneno mengine, mtoto aliyekatiziwa dawa anaweza kuwa kwenye hatari kubwa kuliko siku moja kabla hajaanza kuitumia. Anayemwambia mama “rudi wiki ijayo” anapaswa kulijua hilo.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni kukua. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mtoto aliyeandikiwa dawa akiwa na kilo 15 na sasa ana kilo 24 anaweza kuwa anameza kila siku bila kukosa, na bado akaanguka. Familia huona dawa imeshindwa, wakati kumbe mtoto ameizidi dozi yake. Kliniki inayotoa vidonge bila kumpima mtoto uzito imefanya nusu ya kazi.

Funzo la Mahenge

Tanzania haikuanza jana kujifunza haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika milima ya Ulanga, mkoani Morogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu wakati wa kuanguka watu waliogopa kuwagusa wakiamini ute wa mdomoni huambukiza. Aliwapa fenobabitoni na kuwafuatilia.

Matokeo ya ufuatiliaji wa wagonjwa 164 kwa miaka 30, aliyoyaandika pamoja na mtaalamu wa Kitanzania Henry Rwiza mwaka 1992, yana pande mbili. Upande mmoja, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa, kuanguka kulikoma kabisa, na kwa wengine wengi kulipungua. Hayo yalifanyika kijijini, kwa dawa moja ya bei nafuu, bila mashine kubwa. Upande wa pili, ilipofika mwaka 1990, takriban theluthi mbili ya wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kufa, na vifo vingi vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, kuzama majini, kuungua moto.

Tunachokiona katika kumbukumbu hiyo ni kwamba kuanza matibabu vijijini kunawezekana, na kuliwezekana hata kabla ya lami na simu. Kilicho kigumu ni kuyaendeleza mwaka wa pili, wa tano na wa kumi.

Mnyororo wa kidonge

Kabla ya kidonge kufika mkononi mwa mama wa Buigiri, kinapita mikono mingi. Fenobabitoni iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa chini ya Mkataba wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, hivyo uingizaji wake unahitaji vibali ambavyo dawa ya malaria haivihitaji. Nchini, Bohari ya Dawa, MSD, ndiyo yenye jukumu la kununua na kusambaza kwa vituo vya umma. Kituo nacho kinapaswa kuagiza kwa kukadiria mahitaji yake.

Hapo penye makadirio ndipo mnyororo unapolegea. Zahanati inayoona wagonjwa wengi wa malaria kila wiki haiwezi kuisahau malaria. Lakini zahanati yenye watoto wanne wa kifafa, wawili kati yao wasiofika mara kwa mara, huweza kuagiza kidogo. Dawa ikikosekana, wale wawili waliobaki nao huacha kuja. Agizo linalofuata huwa dogo zaidi, na kwenye makaratasi huonekana kana kwamba ugonjwa umepungua.

Dodoma ina uzoefu wake wa kutafuta dawa iliyokosekana. Mwaka 2014 mkoa huu ulikuwa wa kwanza kujaribu mfumo wa Jazia, maarufu kwa jina la mshitiri, ambao unakiruhusu kituo kununua kwa msambazaji binafsi aliyeidhinishwa pale MSD inapokuwa haina dawa husika. Baadaye mfumo huo ulienezwa mikoa mingine ya Tanzania Bara. Njia ipo, basi. Lakini mshitiri huleta alichoagizwa, na fedha ya kituo hutumika kwa kilichopewa kipaumbele. Mtoto wa kifafa anahitaji mtu mezani, wakati wa kupanga agizo, anayejua idadi ya watoto na vidonge vyao vya miezi mitatu ijayo.

Kuna na suala la mlango wa kuingilia. Kwa muda mrefu kifafa kimehudumiwa kupitia kliniki za afya ya akili. Kitaalamu kuna sababu zake, kwani wauguzi wa afya ya akili ndio waliofundishwa dawa hizi. Lakini Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, na katika mazungumzo ya mitaani jina hilo limegeuzwa kuwa neno la kumtania mtu kwamba amerukwa na akili. Mzazi anayeogopa mwanawe kuitwa kichaa anaweza kuikwepa kliniki yenyewe. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si wazimu, si laana, na hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa anayeanguka.

Bima na mtihani wa mwezi wa nne

Mjadala huu una uzito wa pekee sasa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoweka pia utaratibu wa mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kabla ya hapo, kaya nyingi za vijijini zilitegemea CHF iliyoboreshwa, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Sera ya misamaha inamlinda mtoto chini ya miaka mitano asilipie matibabu katika vituo vya umma. Lakini kifafa hakiangalii siku ya kuzaliwa. Mtoto akitimiza miaka mitano, ugonjwa ni uleule na dawa ni zilezile. Mzazi ndiye anayelazimika kuanza kuulizia msamaha mwingine au bima.

Tunaunga mkono lengo la sheria hii, lakini tunapendekeza ipimwe kwa kipimo cha wazi. Kadi ya bima haiutulizi ubongo. Kidonge ndicho kinachoutuliza. Kwa ugonjwa wa siku tatu, inatosha kuuliza kama mgonjwa alitibiwa. Kwa kifafa tuulize: je, mtoto aliyeanza dawa mwezi wa kwanza alizipata pia mwezi wa nne, wakati mvua zimekata barabara na mfuko wa familia umekauka kabla ya mavuno?

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba inaweza. Tangu Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo mwaka 2004, imejenga utaratibu wa kumfuatilia anayekosa kliniki, na wagonjwa wenye hali tulivu hupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Mantiki ileile ingemfaa mtoto wa kifafa ambaye hali yake imetulia. Vidonge vya miezi mitatu vinavyotolewa Novemba, kabla ya familia kuhamia shambani, vingeokoa safari mbili na nauli yake. Na tukumbuke kwamba nauli hiyo kwa mwaka inaweza kuizidi bei ya dawa zenyewe.

Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto wachanga anaweza, kwa mafunzo kidogo, kuuliza swali moja zaidi: “Dawa za kijana zimebaki ngapi?” Nje ya mipaka yetu, mpango wa WHO wa mwaka 2022 hadi 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu unazitaka nchi zihakikishe asilimia 80 ya wenye kifafa wanapata dawa zinazofaa, salama na za bei wanayoimudu. Kwa kaya ya Buigiri, lengo hilo litakuwa na maana siku swali hilo moja litakapoulizwa mlangoni.

Yanayowezekana nyumbani leo

Kusema kwamba mfumo una wajibu si kumvua mzazi wajibu wake. Haya ni mambo ambayo familia inaweza kuyafanya bila kusubiri mtu.

Dawa iambatanishwe na jambo ambalo halikosi kutokea kila siku, kama chakula cha jioni au kufunga mifugo zizini. Mtu mmoja awe msimamizi, na mwingine ajue pa kushika endapo wa kwanza atasafiri. Vidonge vya wiki vihesabiwe Jumapili. Vikibaki vya siku kumi, safari ya kliniki ianze kupangwa, badala ya kungoja kifuko kiwe kitupu. Familia ikihamia shambani, dawa ihame nayo, ikiwekwa mahali pakavu, pasipo na jua, na mbali na mikono ya watoto wadogo.

Dozi moja ikisahaulika, mtoto apewe mara inapokumbukwa, isipokuwa saa ya dozi inayofuata imekaribia. Asipewe mbili kwa pamoja kufidia. Mtoto akisinzia mno, akiwa mkorofi kuliko kawaida au akitoka vipele, aonwe na mhudumu wa afya haraka. Familia isiikate dawa kimyakimya. Na mtoto akikaa muda mrefu bila kuanguka, hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kwa kawaida daktari hufikiria kuipunguza baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, tena polepole, hatua kwa hatua.

Mwalimu aambiwe. Buigiri imekuwa na shule ya watoto wasioona tangu miaka ya 1950. Vizazi kadhaa hapo vimekua vikijua kwamba mtoto mwenye mahitaji tofauti ana nafasi darasani. Uelewa huohuo umfikie mwenye kifafa. Mtoto akianguka, mwalimu au mwenzake amlaze kwa ubavu, aondoe vitu vya kuumiza, aangalie saa, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, na akae naye hadi azinduke. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, akimbizwe kituo cha afya. Mtoto huyu asitumwe peke yake kuchota maji lamboni wala kuachiwa jiko la mafiga.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama anaweza kukumbuka kila jioni, lakini hawezi kuagiza dawa bohari. Mganga mfawidhi anaweza kuagiza, lakini hawezi kumeza kwa niaba ya mtoto. Kila mmoja akitimiza sehemu yake, kidonge kinafika.

Sisi wa redio nasi tunayo sehemu ndogo. Nyumba nyingi Buigiri na kwingineko bado hufungua redio saa mbili usiku kusikiliza taarifa ya habari. Kwa mtoto anayemeza dawa mara moja kwa siku, hiyo ni saa nzuri ya kukumbushana. Ukisikia saa inagonga na habari zinaanza, muulize mwanao kwanza kama amemeza, kisha msikilize habari pamoja.